Immanuel Kant Katika Chumba cha Mihadhara

Mtu yeyote ajifunzaye falsafa katika Chuo Kikuu, awe Dar es Salaam au Berlin, hana budi mapema au baadaye kukutana na jina la Immanuel Kant. Aghalabu hukutana nalo juu ya jalada la kitabu kizito, chenye sentensi ndefu zisizokwisha upesi, na wengi hulikimbia. Kwa sababu hiyo ni wachache wakumbukao kwamba mtu huyu, kabla ya kuwa jina la kitabu, alikuwa mwalimu. Alifundisha katika chuo kikuu kimoja, katika mji mmoja, tangu mwaka 1755 hadi mwaka 1796. Na vile vitabu vilivyompa sifa duniani alianza kuvitoa akiwa amekwisha kufundisha kwa robo karne. Mwanafunzi wa ualimu akizisoma habari zake kwa jicho la mwalimu, atakuta mambo ambayo wanafalsafa wenyewe huyapita haraka.

Kant alizaliwa tarehe 22 Aprili 1724 katika mji wa Königsberg, mji mkuu wa Prusia ya Mashariki, karibu na Bahari ya Baltiki. Siku hizi mji huo umo katika nchi ya Urusi na huitwa Kaliningrad. Ulikuwa mji wa bandari na biashara, wenye watu wa lugha nyingi. Baba yake, Johann Georg, alikuwa fundi wa hatamu na mikanda ya farasi, kazi iliyompa chakula lakini si utajiri. Mama yake, Anna Regina, hakuwa na elimu kubwa, ila alikuwa na tabia moja ambayo mwanawe hakuisahau hata alipozeeka: alikuwa akimchukua kijana huyo nje ya mji, akimwonyesha mimea na kumweleza matumizi yake, na kumtajia aliyoyajua juu ya anga na nyota. Mama huyo alifariki mwaka 1737, mtoto akiwa na umri wa miaka 13. Katika uzee wake Kant alisimulia kwamba mama ndiye aliyepanda ndani yake mbegu ya kwanza ya wema, na kumfungua moyo aone maajabu ya maumbile. Ninaitaja habari hii kwa sababu ndilo somo lake la kwanza, nalo lilifanyika bila kitabu na bila fimbo.

Shule ilikuwa jambo jingine. Mchungaji mmoja mwenye cheo, Franz Albert Schulz, aliyeifahamu familia hiyo, alitambua akili ya mtoto na kusaidia apate nafasi katika Collegium Fridericianum, shule yenye sifa katika mji ule. Akaingia mwaka 1732, akakaa humo miaka minane. Shule hiyo iliendeshwa na Wakristo wa madhehebu ya uchaji, watu wema katika nia zao, lakini waliotaka moyo wa mtoto uchunguzwe kila siku. Palikuwa na sala asubuhi na jioni, katekisimu, Kilatini kwa saa nyingi kila juma, na mazoezi ya kukariri yasiyokuwa na mwisho. Mtoto alitakiwa aweze kusema ameguswa vipi na neno la Mungu, hata kama siku hiyo hakuguswa. Baadaye Kant aliyakumbuka maisha yale kwa hofu, akiyafananisha na utumwa. Alimsifu mwalimu mmoja tu, Heydenreich, aliyefundisha Kilatini kwa kuwaeleza wanafunzi maana ya mambo waliyoyasoma na si kwa kuwalazimisha kuhesabu maneno. Kwa ajili ya mwalimu huyo Kant alikipenda Kilatini maisha yake yote, na kwa muda alidhani kwamba angekuwa bingwa wa lugha hiyo. Shule nzima ilishindwa kumpa kile ambacho mwalimu mmoja alimpa.

Mwezi Septemba 1740, akiwa na umri wa miaka 16, aliandikishwa katika Chuo Kikuu cha Königsberg, kilichoanzishwa mwaka 1544. Haifai kukifikiria chuo hicho kama vyuo vya siku hizi, vyenye mabweni na posho. Mwanafunzi alijitafutia chumba, akamlipa mwalimu ada ya kila somo, na alipokuwa hana fedha alibaki nje. Vitengo vikubwa vilikuwa theolojia, sheria na tiba. Kitengo cha falsafa kilihesabiwa kuwa cha chini, kama ngazi ya kupandia kwenda kwenye vile vitatu, na humo zilifundishwa pia hesabu, fizikia, historia na lugha. Kant aliingia kwenye ngazi hiyo na hakushuka.

Aliyemshika hapo alikuwa Martin Knutzen, mwalimu kijana aliyezaliwa mwaka 1713, ambaye alifundisha mantiki na metafizikia pamoja na hesabu na elimu ya nyota. Knutzen hakuridhika na kusoma mhadhara wake na kuondoka. Aliwatazama wanafunzi, akaona nani ana kiu, na akamfungulia Kant maktaba yake mwenyewe. Katika vitabu alivyomwazima vilikuwamo vya Isaac Newton, Mwingereza aliyeonyesha kwamba tufaha liangukalo na mwezi uzungukao dunia hutii kanuni ile ile. Hakuna maelezo bora zaidi ya jinsi fundi hatamu alivyozaa mtoto aliyeandika juu ya asili ya jua na sayari. Knutzen alifariki mwaka 1751, kabla hajaona matunda ya vitabu alivyoviazima.

Maisha ya mwanafunzi huyo yalikuwa ya dhiki. Aliwasaidia wenzake waliokuwa wazito katika masomo, nao walimlipa kwa wanachokuwa nacho: mkate, kahawa, pengine nguo. Nguo zake zilipopelekwa kwa fundi kushonwa, alikaa ndani au rafiki mmoja alimwazima zake. Alipata fedha kidogo vilevile kwa kucheza biliadi, mchezo aliokuwa hodari sana kwao, mpaka ikawa vigumu kumpata mtu wa kushindana naye. Mwaka 1746 baba yake alifariki. Kant aliondoka chuoni bila shahada, akiwa ameandika kitabu chake cha kwanza juu ya nguvu za vitu viendavyo, ambacho mjomba wake, fundi viatu, alisaidia kukilipia kichapishwe.

Kwa muda wa miaka kama sita alikuwa mwalimu wa nyumbani. Kazi hiyo ilikuwa ya kawaida kwa vijana maskini waliosoma: mchungaji wa kijijini au bwana mwenye mashamba alimpa kijana chumba, chakula na ujira mdogo, naye akawafundisha watoto. Kant alifundisha kwanza katika nyumba ya mchungaji huko Judtschen, kisha kwa familia ya von Hülsen. Baadaye alikuwa akisema kwa mzaha kwamba labda hakupata kutokea duniani mwalimu wa nyumbani mbaya kuliko yeye. Alijua nadharia nzuri za malezi, bali hakujua namna ya kuushusha moyo wake ulingane na wa mtoto, na aliliona jambo hilo kuwa sanaa kubwa ambayo yeye hakuipewa. Mimi huona faraja katika ungamo hilo. Walimu wengi wapya, baada ya mazoezi ya kwanza ya kufundisha, hurudi chuoni wakiwa wameinamisha vichwa, wakidhani kuwa hawakuumbwa kuwa walimu.

Alirudi Königsberg mwaka 1754, na mwaka uliofuata alitetea tasnifu zake mbili kwa Kilatini mbele ya hadhara, akapata shahada na ruhusa ya kufundisha. Ruhusa hiyo haikuwa na mshahara. Mhadhiri wa namna ile alitafuta chumba mwenyewe, akatangaza masomo yake, na akaishi kwa ada za wanafunzi waliokuja. Wasipokuja, hakula. Kant aliishi hivyo kwa miaka 15. Mhadhara wake wa kwanza ulifanyika katika nyumba ya Profesa Kypke, ambako aliishi wakati huo. Mwanafunzi mmoja aliyekuwapo, Borowski, ambaye baadaye aliandika maisha yake, asimulia kwamba chumba kilijaa, na ngazi na ukumbi wa mbele vilijaa pia. Kwa kuona umati ule Kant aliingiwa na wasiwasi, sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi, akakosea na kujisahihisha mara kwa mara. Siku ya pili ilikuwa afadhali, na zilizofuata zikawa nzuri.

Ili apate riziki alifundisha mantiki, metafizikia, maadili, hesabu, fizikia na jiografia, na ilikuwako mihula aliyofundisha saa 20 au zaidi kwa juma. Aliweka akiba ya sarafu 20 za dhahabu asiyoigusa, ili akiugua asiwe mzigo kwa mtu. Koti lake lilipochakaa, marafiki walitaka kwa siri kumnunulia jipya, akakataa. Mwaka 1764 alidokezewa nafasi ya uprofesa wa ushairi, ambayo kazi yake mojawapo ilikuwa kutunga mashairi ya sherehe za serikali. Hakuikubali, ijapokuwa alikuwa na umri wa miaka 40 na hana mshahara. Mwaka 1766 alipata kazi ya kusaidia katika maktaba ya kasri kwa taleri 62 kwa mwaka, fedha zisizotosha kumtunza mtu, na huo ndio uliokuwa mshahara wake wa kwanza wa kudumu.

Basi ni katika miaka hiyo ya ukata, wakati ambapo kila mwanafunzi aliyeondoka aliondoka na mkate wake, ndipo Kant alipofikiri kwa makini zaidi juu ya namna ya kufundisha. Mwaka 1765 alichapisha tangazo la mihadhara yake ya majira ya baridi. Tangazo la namna hiyo kwa kawaida lilikuwa orodha tu ya masomo na saa. Lake likawa maelezo ya njia ya ufundishaji, na kwa maoni yangu kurasa zile chache zamfaa mwalimu wa shule ya msingi kuliko kurasa 800 za kitabu chake kikuu.

Kant alisema kwamba kijana atokaye shuleni amezoea kujifunza, kwa hiyo hudhani kuwa sasa atajifunza falsafa. Jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa hakuna kitabu ambacho mwalimu aweza kukinyoshea kidole na kusema falsafa ndiyo hii, ishike. Linalowezekana ni kujifunza kufalsafu, yaani kufikiri na kuhukumu mwenyewe. Mwalimu asimpe mwanafunzi fikra bali amfundishe kufikiri. Asimbebe, bali amwongoze, kama ataka siku moja atembee kwa miguu yake. Na kitabu cha mwandishi kinachosomwa darasani kisichukuliwe kuwa kipimo cha hukumu, bali kuwa nafasi ya kuhukumu juu yake, na hata dhidi yake.

Kisha alieleza utaratibu. Akili ya mtu hukua kwa hatua: kwanza hutambua mambo kwa kuyaona na kuyalinganisha, kisha hupata dhana, kisha huziunganisha dhana hizo na sababu zake, na mwisho huzipanga ziwe elimu kamili. Ufundishaji unapaswa kufuata njia hiyo hiyo. Ukianzia mwisho, mwanafunzi hupachikwa elimu ya kuazima isiyoota ndani yake, kama tawi lililofungwa kwa kamba juu ya mti. Nje huonekana msomi, ndani akili yake ni tasa kuliko awali, na tena imeharibika kwa kudhani kwamba inajua. Kant aliona hiyo ndiyo sababu ya kuwako kwa wasomi wasiokuwa na akili ya kawaida. Faida ya njia yake, alisema, ni kwamba hata mwanafunzi asiyefika hatua ya mwisho, na wengi hawafiki, atakuwa amefaidi kitu cha kumsaidia katika maisha, kama si katika shule.

Maneno hayo yasisomwe haraka. Mtoto aishiaye darasa la saba anakwenda wapi na tarehe alizozikariri? Suala hilo limejadiliwa sana katika nchi zetu, na nashangaa kuona kwamba mhadhiri asiye na mshahara wa karne ya 18 aliliweka mezani kwa habari ya wanachuo wake.

Kant hakuishia kwenye nadharia. Kitabu cha metafizikia kilichotumiwa, cha Alexander Baumgarten, kilianza na dhana ngumu kuliko zote: kuwako, kutokuwako, uwezekano. Kant alipindua mpangilio huo akaanza na nafsi ya mtu kama kila mmoja aijuavyo kwa kujiangalia, akapitia viumbe na vitu, na zile dhana ngumu akaziweka karibu na mwisho. Alitoa na sababu ya kuchekesha kidogo, lakini ya kweli: wanafunzi huwa wengi mwanzoni mwa muhula na hupungua kadiri siku ziendavyo. Kwa kuanza na mambo yanayofahamika, hata yule atakayekata tamaa njiani atakuwa amesikia jambo la kumfaa.

Serikali ya Prusia ilimtaka kila mhadhiri afuate kitabu kilichokubaliwa, na Kant alitii. Aliweka kitabu mbele yake, kikiwa kimejaa pambizoni maandishi yake madogo, lakini alikitumia kama mtu atumiavyo misumari ya kutundikia nguo. Mwanafunzi wake Jachmann ameeleza alivyofanya alipotaka kufafanua dhana ngumu. Hakuleta fasili iliyo tayari. Alijifanya kana kwamba yeye mwenyewe ndiyo kwanza anaitafuta: akatoa fasili ya kwanza, akaipima, akaiona imepungua; akaongeza sharti, akapima tena, akakata kilichozidi, hadi hatimaye dhana ikasimama kamili. Mwanafunzi aliyefuata tangu mwanzo hakupata dhana hiyo tu bali aliona inavyojengwa. Lakini njia hii ilikuwa na hatari yake, na Jachmann hakuificha: aliyechelewa kuingia, au aliyeandika fasili ya kwanza na kulala, aliondoka na makosa daftarini akidhani ni mafundisho ya Kant.

Mwalimu anaweza kujaribu jambo hili hata katika darasa la tatu. Waulize watoto kisiwa ni nini. Watasema ni nchi kavu iliyozungukwa na maji. Waonyeshe Australia kwenye ramani, uwaulize kwa nini haiitwi kisiwa, kisha unyamaze. Dakika kumi zitakazofuata zitakuwa na kelele, na mwalimu mkuu akipita dirishani huenda asifurahi.

Kuhusu uandishi wa madaftari, Kant hakupenda wanafunzi waandike kila neno. Ilimkera kuona kwamba mara nyingi waliacha lililo muhimu na kuandika lisilo na uzito. Aliweka saa maalumu za marudio, ambapo wanafunzi waliulizwa na kuuliza. Alisema pia kwamba hasomeshi kwa ajili ya wenye vipaji vikubwa, maana hao watajitafutia njia, wala kwa ajili ya wapumbavu, maana hao hawasaidiki, bali kwa ajili ya wale wa kati. Neno hilo la wapumbavu silikubali. Mtu aliyekiri kwamba alishindwa na watoto wa mchungaji hakuwa na haki ya kuamua nani hasaidiki.

Somo lililopendwa na wengi lilikuwa jiografia ya maumbile, aliyoanza kuifundisha mwaka 1756, wakati ambapo vyuo vichache mno viliifikiria kuwa somo la peke yake. Wakati Warusi walipouteka mji huo, kuanzia 1758 hadi 1762, maofisa wao pia walihudhuria mihadhara yake. Hakuwa na kitabu cha kufuata katika somo hilo. Aliutunga mhadhara mwenyewe kutokana na vitabu vya wasafiri, na mwaka 1778 waziri wa elimu aliitambua hali hiyo kwa kulitoa somo hilo katika amri ya vitabu. Inasimuliwa kwamba siku moja alilieleza daraja la Westminster la London kwa urefu, upana na ujenzi wake, hata Mwingereza mmoja akamwuliza aliishi London kwa miaka mingapi. Hakupata kuiona London. Kant hakuvuka mipaka ya Prusia ya Mashariki maishani mwake.

Hapo hapo kwenye sifa yake pana aibu yake, na haifai kuifunika katika jarida la walimu wa Kiafrika. Katika kitabu kidogo cha mwaka 1764, na tena katika tangazo la mihadhara ya jiografia la mwaka 1775 ambalo lilihusu makabila mbalimbali ya wanadamu, Kant aliandika juu ya watu weusi maneno ya dharau, akiwanyima vipaji vya akili. Aliyatoa wapi? Kwa wasafiri na waandishi wengine, ambao wengi wao waliuza au walitumia watumwa. Yeye aliyewafundisha wanafunzi wasichukue kitabu kuwa kipimo cha hukumu, alichukua vitabu hivyo kuwa kipimo, akavipeleka darasani muhula baada ya muhula, na vijana wakaviandika madaftarini.

Wala ushahidi wa kinyume haukuwa mbali. Anton Wilhelm Amo, aliyezaliwa mwanzoni mwa karne hiyo karibu na Axim katika nchi iitwayo leo Ghana, alipelekwa Ulaya akiwa mtoto, akasomeshwa, akaandikishwa katika Chuo Kikuu cha Halle mwaka 1727, akapata shahada Wittenberg, na tangu mwaka 1736 alifundisha falsafa Halle, kisha Jena. Mwaka 1738 alichapisha kwa Kilatini kitabu juu ya njia ya kufalsafu kwa utulivu na usahihi. Wakati huo Kant alikuwa mtoto wa shule, akikariri katekisimu. Na mwaka 1786 kijana Georg Forster, aliyeizunguka dunia katika merikebu ya Kapteni Cook, alimpinga Kant waziwazi katika suala la makabila, akimkumbusha kwamba kuna tofauti kati ya aliyeona na aliyesoma. Katika vitabu vyake vya 1795 na 1797 Kant alilaani vikali mataifa ya Ulaya kwa kuvamia nchi za wengine na kwa utumwa wa visiwa vya sukari. Maneno yale ya kwanza, hata hivyo, hakuyafuta.

Baadhi ya wenzetu husema tusimsome. Mimi naona tumsome kwa njia aliyoitangaza mwaka 1765, yaani kwa kumhukumu, na pale inapobidi dhidi yake mwenyewe. Kosa lake linamhusu zaidi mwalimu kuliko mwanafalsafa, kwa sababu ni kosa tunalolifanya sote tunapoingia darasani na kitabu kimoja juu ya watu ambao hatujawaona.

Mwaka 1770 hatimaye aliteuliwa kuwa profesa wa mantiki na metafizikia, akiwa karibu kutimiza umri wa miaka 46. Mwaka 1778 aliitwa Halle, chuo kikubwa zaidi na kwa mshahara uliozidi sana ule wake, lakini alipendelea kubaki. Ratiba yake inajulikana: mtumishi wake Lampe alimwamsha saa kumi na moja alfajiri, akanywa chai, akavuta kiko kimoja, akatayarisha somo, na saa moja asubuhi alikuwa mbele ya wanafunzi. Alisumbuliwa na vitu vidogo. Inasemwa kwamba mwanafunzi mmoja wa mbele, ambaye koti lake lilikosa kifungo, alimvuruga mawazo mhadhara mzima.

Maprofesa wa falsafa walitakiwa kupokezana somo la malezi, na Kant alilifundisha mara nne kati ya 1776 na 1787. Katika miaka hiyo aliandika gazetini kuiunga mkono shule ya Dessau, iliyoanzishwa na Basedow mwaka 1774, ambako watoto walijifunza kwa michezo, mazungumzo na kazi za mikono. Kant alitaka kwanza ziwepo shule za majaribio, ndipo zifuate shule za kawaida, kwani hakuamini kwamba mtu aweza kuketi ofisini akajua lipi litafaa. Maandiko ya mihadhara hiyo yalitolewa na mwanafunzi wake Rink mwaka 1803. Humo anasema kwamba njia bora ya kufahamu kitu ni kukitenda: mtoto aifahamuye ramani ni yule awezaye kuichora. Na humo pia ameliuliza swali ambalo hakulimaliza, la jinsi ya kumlea mtu awe huru ilhali malezi yenyewe ni kulazimisha.

Swali hilo lilimjia nyumbani kwa sura ya mtu. Johann Gottfried Herder alikuwa kijana maskini wa karibu miaka 18 alipofika mwaka 1762, na Kant alimruhusu kuhudhuria mihadhara yote bila ada. Herder alikua akawa mwandishi mkubwa, akafikiri kwa kichwa chake, na akafika mahali ambapo mwalimu wake hakupakubali. Mwaka 1785 Kant aliandika uhakiki mkali wa kitabu cha Herder juu ya historia ya wanadamu, na Herder aliumia sana. Hata hivyo miaka kumi baadaye Herder aliandika sifa za mwalimu wa ujana wake: jinsi alivyokuwa mchangamfu, jinsi mzaha na elimu vilivyokaa pamoja kinywani mwake, na jinsi alivyowahimiza, na hata kuwalazimisha kwa upole, wafikiri wenyewe. Wakati huo walikuwa hawapatani tena.

Kitabu chake kikuu cha kuhakiki akili kilitoka mwaka 1781, vingine vikafuata, na wageni wakaanza kuja Königsberg kumwona. Waliofika chumbani walikuta mzee mfupi, aliyeinama kidogo, mwenye sauti ambayo mtu wa nyuma hakuisikia, ila chumba kikiwa kimya kabisa. Mwezi Julai 1796 alitoa mhadhara wake wa mwisho. Kumbukumbu zikampungukia pole pole. Alifariki tarehe 12 Februari 1804, miezi miwili kabla ya kutimiza miaka 80. Baridi ilikuwa kali mno na ardhi iliganda hata kaburi halikuweza kuchimbwa upesi. Wakazi wa mji walipita kumtazama siku baada ya siku. Tarehe 28 Februari kengele za makanisa yote zilipigwa, na wanachuo walilichukua jeneza lake hadi kanisa kuu, lililokuwa jirani na chuo alichokuwa amefundishia.